MKAA WA MUCHOMO: TUUPIME KABLA YA KUULIPIA

Kutoka Uganda



Kila mfanyakazi anajua bei ya kilo moja ya nyama. Ukimwuliza bei ya kilo moja ya mkaa, atakaa kimya. Nyama tunapimiwa kwenye mizani mbele ya macho yetu, na mwuza nyama akipunguza hata kipande tunapiga kelele. Mkaa tunaununua kwa kopo, kwa debe, au kwa gunia lililotungwa kichwa cha nyasi, na hatuulizi neno. Hapo ndipo jasho letu linapovuja.

Jambo hili linatuhusu wote. Ikifika tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, matawi mengi huchanga fedha ili wanachama wachome nyama pamoja. Tena wako wenzetu wengi wa viwandani na mashambani ambao mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi. Zamu ikiisha, wao au wake zao huweka wavu kando ya barabara na kuchoma nyama ya kuuza. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania huiita nyama choma. Sisi wa Uganda tunaiita muchomo. Aliyesafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Jinja anaijua Namawojjolo, katika wilaya ya Mukono, ambako wachuuzi hukimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja za moto. Biashara yote ile inasimama juu ya mkaa. Mkaa ukiwa mbaya, kuku huungua nje akabaki mbichi ndani, mteja hanunui tena, na faida ya siku huishia katika kununua mkaa mwingine.

Basi tuujue mkaa kama tunavyoujua wembe wa kukatia miwa au mashine tunayoisimamia kiwandani.

MKAA HUTENGENEZWAJE

Mkaa ni kuni zilizochomwa kwa kunyimwa hewa. Mchoma mkaa hukata magogo, huyapanga, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha moto na kuacha matundu madogo tu. Kwanza maji yaliyomo katika mti hutoka kama mvuke mweupe. Baadaye hutoka moshi mzito wa lami na gesi. Moshi ukigeuka kuwa mwepesi na wa rangi ya buluu, fundi anajua kwamba kazi inakaribia kwisha, naye huziba matundu yote. Kinachobaki ndani ni kaboni kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo mkaa ulioiva hautoi moshi mwingi jikoni, maana moshi wake ulikwisha kutoka porini. Mkaa ukikutolea moshi mzito na miali ya njano, jua kwamba aliyeuchoma alifungua tanuri mapema. Umenunua kuni nusu na mkaa nusu, kwa bei ya mkaa.

Tanuri la udongo la kienyeji linakula miti sana. Kilo 100 za kuni kavu zaweza kutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kule Senegal mafundi walitengeneza tanuri lenye bomba la moshi, liitwalo Casamance. Likisimamiwa vizuri hutoa mkaa mwingi zaidi kwa kuni zile zile. Tunalitaja ili mwenzetu asidhani kwamba mkaa ni kitu cha bure kinachookotwa. Kila kilo moja unayoimwaga kama vumbi ina kilo kadhaa za mti nyuma yake.

MTI MGUMU NA MTI MWEPESI

Watu husema, “Mkaa wa mti mgumu una moto mkali kuliko wa mti mwepesi.” Tulipime neno hili vizuri, maana fedha yetu imo humo.

Ukichukua kilo moja ya mkaa mgumu na kilo moja ya mkaa mwepesi, yote miwili ikiwa mikavu na imeiva sawasawa, joto lake linakaribiana sana. Tofauti kubwa iko katika nafasi. Mkaa wa mti mgumu, kama mgunga, mlama au mkwaju, umeshikana. Mkaa wa mti mwepesi, kama msonobari au musizi, una matundu mengi kama sifongo. Debe likijazwa mkaa mwepesi linaonekana limejaa, kumbe sehemu kubwa ni hewa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme debe la mkaa mgumu lina kilo 5, na debe la mkaa mwepesi lina kilo 3 na nusu. Bei ya debe ni moja. Mchoma nyama akinunua madebe 20 ya mkaa mwepesi, amepata kilo 70. Angenunua mkaa mgumu kwa fedha ile ile angepata kilo 100. Amepoteza kilo 30, yaani madebe 6 mazima ya mkaa mgumu, wala hakuna aliyemwibia usiku. Amejipunja mwenyewe mchana, kwa kutojua.

Hivyo fundisho ni hili. Ukinunua kwa mizani, mti hautakupunja sana. Ukinunua kwa debe au kwa gunia, uliza ni mti gani.

Kwa kuchomea nyama, mkaa mgumu una faida nyingine. Unawaka polepole, unakaa muda mrefu, na moto wake hautikisiki. Mkaa mwepesi unashika moto upesi, unawaka kwa haraka, na unakwisha nyama ikiwa katikati. Ndipo unalazimika kuongeza mkaa mpya chini ya nyama, na nyama inapata moshi na vumbi. Mkaa mwepesi unafaa kuchemshia chai ya haraka asubuhi kabla ya king’ora. Mkaratusi uko katikati. Miti yake iliyokomaa hutoa mkaa wa kufaa, ile michanga hutoa mkaa mwepesi. Mbuni wa zamani uliong’olewa shambani una mti mgumu, na mkaa wake ni mzuri sana, ingawa vipande vyake ni vidogo.

JINSI YA KUUKAGUA

Mkulima huchagua mbegu kwa jicho na kwa mkono. Nasi tuukague mkaa hivyo hivyo kabla ya kutoa fedha.

1. Sikiliza. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Mkaa mgumu ulioiva hulia kwa sauti kali kama vigae vya chungu. Mkaa mwepesi, mbichi au wenye maji hutoa sauti nzito iliyokufa.

2. Vunja. Kipande kizuri huvunjika mara moja, na mahali kilipovunjika pana weusi unaong’aa. Ukikuta rangi ya kahawia ndani, au kikijikunja kama kijiti bila kuvunjika, hakijaiva.

3. Nusa. Mkaa ulioiva hauna harufu kubwa. Harufu ya lami au ya moshi wa kuni ni dalili ya mkaa mbichi.

4. Pima mkononi. Uzito ni jambo jema, lakini uzito peke yake usikudanganye. Mkaa ulionyeshewa na mvua ni mzito. Mkaa mbichi ni mzito. Jiwe lililopakwa vumbi jeusi ni zito kuliko vyote. Kwa hiyo uzito uende pamoja na sauti na ukavu.

5. Tazama vipande. Kwa kuchoma nyama tunataka vipande vya ukubwa kati ya yai na ngumi. Vikubwa sana huchelewa kushika moto. Vidogo sana huziba hewa na kuanguka chini ya jiko.

6. Tazama chini ya gunia. Juu huwekwa vipande vizuri vya kuvutia macho. Chini ndiko wanakoficha chenga na vumbi. Mwombe mwuzaji amwage gunia juu ya turubali. Akikataa, nawe kataa.

Jambo moja tunalisisitiza kwa wenzetu wa viwandani. Msichome nyama kwa mbao za masanduku yaliyopakwa rangi, wala kwa nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa nyingine za mbao zina sumu ya aseniki, na moto hauiui sumu hiyo. Inakwenda katika moshi na majivu, kisha katika chakula.

MKAA WA KUSHINDILIA

Vumbi na chenga zisitupwe. Zikichanganywa na uji wa muhogo, zikashindiliwa na kukaushwa juani, zinakuwa mkaa wa vidonge. Katika nchi zetu viko vikundi vya akina mama na vijana vinavyofanya kazi hii, na kwenye pwani wako wanaotumia mkaa wa vifuu vya nazi, wenye moto mkali na moshi mdogo.

Ujuzi huu umekuzwa hata na matajiri wakubwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, Henry Ford alikuwa na kiwanda cha mbao katika jimbo la Michigan. Magari ya wakati ule yalikuwa na sehemu nyingi za mti, na mabaki ya mbao yalikuwa marundo. Ford hakutaka kutupa kitu. Akajenga kiwanda cha kugeuza mabaki yale kuwa mkaa, ukashindiliwa kwa wanga kuwa vidonge, ukauzwa. Kama tajiri yule aliona fedha katika takataka ya kiwanda, kwa nini tawi la wafanyakazi lisione fedha katika vumbi lililo chini ya gunia lake?

Mkaa wa vidonge ulio mzuri unawaka muda mrefu na vipande vyake ni sawasawa, jambo linalomsaidia mchoma nyama. Lakini wako watengenezaji wanaozidisha udongo ili kuongeza uzito. Utawatambua kwa majivu. Choma vidonge vichache kwanza. Kama rundo la majivu linakaribia ukubwa wa vidonge ulivyoweka, umeuziwa udongo.

KUWASHA NA KUCHOMA

Mkaa mzuri huharibiwa na mwashaji mbaya. Washa kwa magunzi makavu ya mahindi, vijiti au majani makavu ya mgomba. Usiwashe kwa kavera wala kwa kipande cha tairi. Moshi wake una sumu, na nyama inaushika. Mafuta ya taa usiyamwagie kabisa juu ya makaa yaliyokwisha kushika moto, maana moto hurudi katika chombo ulichokishika. Wako watoto waliopata makovu ya maisha kwa sababu hiyo.

Moto ukishika, subiri. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu ya njaa. Nyama isiwekwe mpaka makaa yamefunikwa na majivu mepesi ya kijivu, na miali imekwisha. Kwa mkaa mgumu jambo hilo laweza kuchukua nusu saa. Kisha sogeza makaa mengi upande mmoja wa jiko, upande wa pili uwe na machache. Nyama ianze upande mkali ipate rangi, halafu iende upande wa pole ikaive mpaka ndani. Mafuta yakidondoka na moto ukiruka, iondoe nyama upande ule. Moshi wa mafuta yanayoungua si mzuri kwa afya, na nyama iliyogeuka makaa si ya kuliwa. Kuku na nguruwe waive kabisa, pasibaki wekundu mfupani. Tena tawi lenye Waislamu na Wakristo liwe na majiko mawili na vyombo mbalimbali, ili sikukuu iwe ya wote.

MOSHI USIOONEKANA

Sasa tunafika kwenye neno zito kuliko yote, na tunaomba kila mmoja awasomee jamaa zake nyumbani.

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, huingia katika damu na kukalia mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu huishiwa nguvu, halafu hulala. Wengi hawaamki. Watu hudhani kwamba sigiri isiyotoa moshi ni salama. Huko ni kudanganyika. Hata mkaa bora kuliko wote, ule unaolia kama kigae, unatoa gesi hiyo. Sigiri inayofifia katika chumba kilichofungwa ni hatari hasa, kwa kuwa haimwamshi mtu.

Katika kazi yetu ya kuzunguka matawi tumekwenda kwenye misiba ya namna hii katika laini za wafanyakazi. Habari zake hufanana. Mvua inanyesha jioni, muchomo wa kuuza haujaisha, mama anaingiza sigiri chumbani ili makaa yasizimike na watoto wapate joto. Mlango unafungwa. Asubuhi majirani wanagonga bila kujibiwa. Wakubwa husema ni uzembe wa mfanyakazi. Sisi tunauliza: mfanyakazi aliyepewa chumba kimoja chenye dirisha dogo, bila jiko la nje lenye paa, apike wapi mvua ikinyesha?

Basi agizo letu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kila nyumba. Sigiri isilale chumbani hata usiku mmoja, iwe na moshi au isiwe nao. Mtu akikutwa amezidiwa, mtoeni nje kwenye hewa mara moja, zimeni moto, na mpelekeni hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa anahitaji oksijeni.

Sehemu ya pili ni ya chama. Wawakilishi wanapokaa mezani na mwajiri kuzungumzia mkataba, nyumba za laini ziwe katika orodha pamoja na mshahara. Tudai jiko la nje lenye paa na kuta zinazopitisha hewa kwa kila safu ya nyumba. Gharama yake ni nguzo, mabati na siku chache za kazi. Hakuna mwajiri wa shamba kubwa anayeshindwa kuipata.

MCHOMA MKAA NAYE NI MFANYAKAZI

Tukitafuta bei nafuu tusimsahau mwenzetu aliye porini. Yeye hukata, hupanga, hulinda tanuri usiku kucha, huvuta moshi, naye hupata sehemu ndogo ya bei tunayolipa mjini. Adui yetu si yeye.

Tena miti inakwisha. Mwezi wa Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika sehemu za kaskazini na kaskazini mashariki ya Uganda. Wananchi wa huko walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba malori yanahamisha misitu yao, pamoja na mti wa shea. Mti huo huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na mafuta ya kokwa zake ni chakula na mapato ya wanawake wa Acholi na Lango. Mti wa namna hiyo kuugeuza kuwa moto wa jioni moja ni hasara kwa taifa. Tuulize mkaa unatoka wapi, na tununue ule wa miti iliyopandwa kwa kuchomwa.

TAWI LIFANYE NINI

Tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, tawi linunue mizani moja ya kuning’iniza. Mizani hiyo itapima mkaa, na itapima pia majani ya chai kabla hayajafika kwa karani.

Pili, wanachama kumi kumi wachange na kununua magunia kwa pamoja moja kwa moja kutoka kwa muuzaji wa jumla. Anayenunua kopo kwa kopo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote, naye mara nyingi ni kibarua mwenye kipato kidogo kuliko wote. Katibu aandike katika daftari uzito wa kila gunia, uzito wa chenga baada ya kuchekecha, na bei. Baada ya miezi mitatu daftari litasema ni muuzaji gani mwaminifu.

Tatu, mkaa uhifadhiwe pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta wa nyumba za kulala. Mkaa uliotoka tanurini siku ile ile usiingizwe stoo. Unaweza kuonekana umepoa, kumbe ndani una kaa hai, nao hushika moto wenyewe. Uachwe nje walau siku nzima. Na majivu ya muchomo yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, hasa kwetu tunaoishi kando ya mashamba ya miwa.

Nne, kwa mapishi ya nyumbani tutumie majiko yenye kikombe cha udongo ndani ya koti la bati, yale yaliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Hayo hupunguza mkaa kuliko sigiri ya bati tupu. Sigiri pana ya wavu tuiachie muchomo.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza. Kilo 30 zilizopotea katika hesabu yetu ya mfano zingeweza kuwa ada ya shule au dawa ya mtoto. Basi sikukuu ya Mei ikija, kila tawi lije na nyama yake, mkaa wake uliopimwa, na dai lake la jiko la nje likiwa limeandikwa na kutiwa sahihi na wanachama.

Umoja ni nguvu.